Miswada ya Kale, Macho Mengi: Uhariri wa Wazi wa Tenzi na Mashairi ya Kiswahili

Haya ni maandishi ya mhadhara uliotayarishwa kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe kuhusu kuhifadhi na kuhariri maandishi ya kale ya Kiswahili kwa njia ya kidijitali. Yanachapishwa ili yawafikie pia wananchi wa sehemu nyingine za kaunti.



Katika nyumba nyingi za pwani, ndani ya kasha, bweta au juu ya kabati, kuna karatasi za zamani zilizofungwa kitambaa. Nyingine ni juzuu za kisomo. Nyingine ni hati za mashamba, barua, dua na hesabu za biashara. Na nyingine ni tenzi na mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na babu au bibi wa mwenye nyumba. Mara nyingi mwenye nyumba anazitunza kwa heshima lakini hawezi kuzisoma. Aliyeweza kuzisoma amekwisha kuwa mzee sana, au ametangulia mbele ya haki.

Mada ya leo ni kitu gani kifanywe ili maneno yaliyomo yasipotee, na yasije yakasomwa kinyume na alivyokusudia mtunzi. Wataalamu huiita kazi hiyo uhariri. Ukifanywa kwa tarakilishi na mtandao, huku kila mtu akiruhusiwa kuona ushahidi na kupendekeza sahihisho, huitwa uhariri wa wazi wa kidijitali.

Shairi la Mombasa na safari yake

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mombasa aliyeishi tangu karibu mwaka 1776 hadi 1840. Zama zake zilikuwa za mvutano kati ya Wamazrui waliotawala mji na Sayyid Said wa Oman, ambaye mwishowe aliutwaa mwaka 1837. Mashairi yake yalishambulia wapinzani wa mji, yakawafumba watu mafumbo, yakasimulia mapenzi, umaskini na safari za baharini. Hayakupigwa chapa wakati wa uhai wake. Yalikaa vifuani mwa watu na katika karatasi chache.

Miongo kadhaa baadaye, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyakusanya mengi ya mashairi hayo na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alishirikiana na William Ernest Taylor, mmishonari wa Kiingereza wa CMS, jumuiya iliyoanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa huko Frere Town, Kisauni, katika miaka ya 1870. Taylor alijifunza Kimvita kwa undani, akaongeza maelezo yake pembeni mwa maandishi ya Mwalimu Sikujua. Makaratasi hayo yalichukuliwa Uingereza, na leo yamo katika maktaba ya SOAS, Chuo Kikuu cha London.

Mwaka 1940 William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka kwa herufi za Kirumi. Kitabu hicho kilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka jijini Nairobi, chenye mashairi, tafsiri na historia ya mshairi. Wanafunzi wengi wa Kenya wamemjua Muyaka kupitia vitabu hivyo viwili.

Safari hiyo ina vituo vingi: kinywa cha Muyaka, kumbukumbu za wasikilizaji, kalamu ya Mwalimu Sikujua, maelezo ya Taylor, chapa ya Hichens, kisha kitabu cha Abdulaziz. Katika kila kituo mtu aliamua neno hili lisomwe vipi, ubeti huu uwekwe wapi, na shairi hili ni la Muyaka kweli au la mwingine. Msomaji wa kitabu huona matokeo ya mwisho tu. Uamuzi wenyewe hauoni, na hawezi kumuuliza aliyeufanya.

Kwa nini neno moja husomwa mara tatu

Wasiojua herufi za Kiarabu huenda wakauliza: kwani kuna la kuamua? Si kusoma tu yaliyoandikwa?

Alfabeti ya Kiarabu iliundwa kwa lugha ya Kiarabu. Kiarabu hakina sauti za p, v, ch wala ng'. Irabu zake fupi zinazoandikwa kwa alama ni tatu: fat'ha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo waandishi wa zamani walitumia kasra kwa i na pia kwa e, na dhumma kwa u na pia kwa o. Herufi ba ilibeba sauti za b, p na mb. Dal ilibeba d na nd. Aghalabu m au n inayotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa.

Matokeo yake ni kwamba maandishi yale yale yanaweza kusomwa bata, pata au mbata. Mengine yanaweza kusomwa doa au ndoa. Mengine bibi au pembe. Kwa mwandishi mwenyewe na wasikilizaji wake hapakuwa na tatizo, maana walilijua shairi kwa moyo na karatasi ilikuwa ya kuwakumbusha tu. Tatizo lilianza pale karatasi ilipobaki na wenye kujua wakaondoka.

Wanachuoni wa Mombasa waliliona tatizo hili mapema, wakalitafutia dawa. Mwalimu Sikujua alitumia alama za ziada ili sauti za Kimvita zitofautike. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu hadi alipofariki mwaka 1947, naye alishughulikia namna ya kukiandika Kiswahili vizuri kwa herufi hizo. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapitio ya historia hiyo na mapendekezo ya mfumo kamili uliotegemea Kiswahili cha Mombasa. Kwa hiyo elimu ya kusoma miswada hii si ya kigeni. Ilizaliwa na kukuzwa hapa.

Tatizo la pili ni lahaja. Kimvita husema mato kwa macho, na kuteka kwa kucheka. Mhariri aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu akikutana na neno kuteka katika shairi anaweza kudhani ni kuteka maji kisimani, au kuteka nyara. Tena Kimvita kina t mbili, moja ya meno na moja ya ufizi, ambazo Kiswahili sanifu hakizitofautishi katika maandishi. Mhariri akigeuza maneno ya lahaja kuwa sanifu ili kurahisisha, anaweza kuvunja kina au kupoteza maana bila kujua.

Hapa ndipo mkazi wa kawaida wa Mtongwe, Jomvu au Kisauni anapokuwa na elimu isiyopatikana maktabani. Bibi wa miaka 80 ambaye hajakanyaga chuo kikuu anaweza kulisikia neno moja na kusema hapo hapo: hilo si kuteka maji, hilo ni kucheka. Kamusi ya Krapf, iliyotolewa mwaka 1882 na ambayo ilikusanya Kimvita kwa wingi, inaweza kuthibitisha. Lakini kamusi haizungumzi, na bibi anazungumza.

Mizani na vina kama mashahidi

Mhariri mzuri habahatishi. Ana mashahidi wake, na wa kwanza ni kanuni za utungo. Katika utenzi, kila kipande huwa na mizani 8, na ubeti huwa na vipande vinne: vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha utenzi mzima. Katika shairi, mshororo huwa na mizani 16, yaani 8 na 8. Usomaji ukitoa mizani 7, basi kuna silabi iliyoruka. Usomaji ukivunja kina, basi irabu imesomwa visivyo. Huenda ni e mahali pa i.

Shahidi wa pili ni nakala nyingine. Tenzi mashuhuri zilinakiliwa mara nyingi. Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake karibu mwaka 1858, ulikaririwa na kunakiliwa na wanawake wengi wa pwani kabla ya Alice Werner na Hichens kuutoa kitabuni mwaka 1934. J. W. T. Allen naye aliuweka katika mkusanyo wake wa tenzi sita mwaka 1971. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilitolewa na Taylor ndani ya kitabu cha Stigand mwaka 1915, na Hichens mwaka 1939, na James de Vere Allen mwaka 1977. Nakala na matoleo hayo hayakubaliani katika kila neno, wala katika mpangilio wa beti.

Kutokubaliana huko si aibu. Wanafunzi wa madrasa wanajua kwamba riwaya huwa na wapokezi wake, na kwamba mwanachuoni husema nani alimpokelea nani kabla ya kutoa hukumu. Uhariri wa wazi unafuata adabu hiyo hiyo. Hausemi tu neno ni hili. Husema: nakala hii inasoma hivi, ile inasoma vile, fulani amechagua hili kwa sababu hii, na anayepinga anaruhusiwa kuleta hoja yake.

Wengine duniani walivyofanya

Wasomi wa maandishi ya kale ya Kiyunani na Kilatini walikumbana na matatizo ya namna hii muda mrefu. Mwaka 1931, katika mji wa Leiden, Uholanzi, walikubaliana alama za pamoja: mabano ya mraba kwa maneno yaliyopotea na kujazwa na mhariri, nukta chini ya herufi isiyosomeka vizuri, na kadhalika. Tangu hapo msomaji aliweza kutofautisha kilichomo katika karatasi na kilichotoka kichwani mwa mhariri.

Mwaka 1987 ulianza mpango uitwao TEI, ambao umetoa kanuni za kuweka alama ndani ya maandishi ya tarakilishi ili mashine na binadamu wote waelewe: huu ni ubeti, hili ni neno lenye shaka, hili ni sahihisho, hili ni jina la mtu. Kanuni hizo ni za bure na zinatumika kwa lugha yoyote. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Tufts kiliweka maandishi ya Kiyunani na Kilatini kwenye mtandao kupitia maktaba ya Perseus, na sehemu kubwa yake inaweza kuchukuliwa na kutumiwa tena na yeyote.

Mfano unaofaa zaidi kuigwa ni wa hati za mafunjo kutoka Misri ya kale, katika tovuti ya papyri.info. Huko mtu yeyote, awe profesa au mwanafunzi, anaweza kujiandikisha na kupendekeza usomaji mpya wa mstari fulani. Pendekezo halifuti chochote. Hupelekwa kwa jopo la wahariri, nao hulipigia kura na kutoa sababu. Likikubaliwa, maandishi hubadilika, na jina la aliyependekeza pamoja na tarehe hubaki katika kumbukumbu daima. Usomaji wa zamani nao haupotei. Unaweza kutazamwa wakati wowote.

Kwa upande wa Kiswahili, njia haijaanza leo. Orodha ya J. W. T. Allen ya miswada na kanda za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1970. Baadaye SOAS iliandaa orodha ya miswada yake ya Kiswahili na kuiweka mtandaoni. Sheikh Yahya Ali Omar na Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, bingwa wa Kiswahili aliyezaliwa Lamu na kuishi Mombasa, walitoa elimu yao katika kazi hiyo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha za kidijitali kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Tena mtaalamu wa programu, Kevin Donnelly, ametengeneza zana za bure zinazoitwa Andika!, zinazowezesha Kiswahili kuandikwa kwa herufi za Kiarabu katika tarakilishi na kugeuzwa kwenda herufi za Kirumi, au kinyume chake.

Kwa maneno mengine, vifaa vipo. Kinachopungua ni wasomaji wenye kuijua lugha kutoka ndani.

Hofu za wazee, na majibu yake

Wazee wengi wana hofu na jambo hili, na hofu zao zina msingi. Ni vyema zitajwe moja moja.

Hofu ya kwanza ni kuibiwa. Zipo familia za pwani zilizoazima miswada kwa wageni waliojitambulisha kuwa watafiti, na miswada haikurudi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe kwamba karatasi haitoki nyumbani. Picha hupigwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe hubaki na nakala ya picha zote siku hiyo hiyo. Uhariri wa kidijitali hauhitaji karatasi yenyewe isafiri.

Hofu ya pili ni kwamba kila mtu akiruhusiwa kuingiza mkono, maandishi yataharibiwa. Jibu ni kutofautisha kuona, kupendekeza na kuamua. Kuona ni kwa wote. Kupendekeza ni kwa aliyejiandikisha kwa jina lake. Kuamua ni kwa jopo linalojulikana, lenye wazee wa lugha, walimu wa madrasa na wasomi wa vyuo. Na picha ya mswada hubaki palepale bila kuguswa, ili jopo nalo likikosea, ushahidi uwepo.

Hofu ya tatu ni siri. Si kila kilichoandikwa kinafaa kutangazwa. Kuna vitabu vya tiba na falaki ambavyo familia hurithishana kwa masharti. Kuna barua zenye madeni na ugomvi wa ndugu. Uwazi katika uhariri haulazimishi mtu kufungua kila kasha. Mwenye mswada ndiye aseme: huu ni wa wote, huu ni wa watafiti tu, huu haupigwi picha kabisa. Utenzi uliokuwa ukisomwa hadharani arusini na msikitini una hukumu tofauti na barua ya siri.

Hofu ya nne ni haki na faida. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maneno ya Muyaka na ya Mwana Kupona yamekwisha kutoka katika ulinzi huo, na ni mali ya wote. Lakini tafsiri na maelezo ya mhariri wa karibuni bado ni mali yake, na hayawezi kunakiliwa mtandaoni bila ruhusa. Ndiyo maana ni muhimu kurudi kwenye miswada yenyewe badala ya kupiga chapa upya vitabu vya watu. Aidha, Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inatambua haki za jamii juu ya urithi wake, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kusajili, kuhifadhi na kuulinda urithi huo. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba na makumbusho za ngazi ya kaunti miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza kaunti inafanya nini juu ya miswada ya familia zake anauliza swali lililo na msingi wa kisheria.

Hatari ya kungoja

Kuna wanaosema kazi hii inaweza kungoja. Hewa ya pwani haingoji. Ina chumvi na unyevu, na wino wa zamani huila karatasi taratibu. Mchwa na nondo hawana likizo. Nyumba hubomolewa, familia huhama, na aliyerithi kasha huona ni takataka.

Wala si karatasi tu zilizo hatarini. Mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, mojawapo ya maktaba kubwa duniani, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikasimama kwa miezi. Kilichohifadhiwa mahali pamoja, hata kama ni mahali pakubwa namna gani, hakijasalimika. Picha za miswada ya pwani zinapaswa ziwepo pwani pia.

Na kuna jambo jipya. Programu za akili mnemba sasa zinafundishwa kwa maandishi yaliyomo mtandaoni. Zikikuta usomaji wenye makosa, zitaurudia kwa kila anayeuliza, na baada ya muda kosa litaonekana kuwa ndilo sahihi. Programu za kusoma mwandiko wa mkono nazo hujifunza kutoka kwa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma na kuzisahihisha. Zikikosa kurasa zilizosomwa na wenye lugha, zitajifunza kwa wasio nayo.

Mwenye mswada afanye nini

Hatua za mwanzo hazihitaji fedha nyingi. Mwenye karatasi za zamani nyumbani anashauriwa hivi:

Asizitie laminesheni, asizibandike kwa selotepu, wala asiziweke juani kukauka. Azifunge kwa kitambaa safi cha pamba au karatasi safi, aziweke ndani ya sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jiko na paa linalovuja.

Apige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Ukurasa uwe tambarare, simu iwe juu yake moja kwa moja, na pembe zote nne zionekane. Aweke rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Apige kila ukurasa kwa mpangilio, pamoja na majalada na kurasa zinazoonekana tupu, maana mara nyingi jina la mwandishi na tarehe huwa huko. Tarehe nyingi ni za Hijria na zisigeuzwe kwa kukisia. Ziandikwe kama zilivyo.

Ahifadhi picha mahali patatu: kwenye simu, kwenye kadi au diski iliyo nyumba nyingine, na mtandaoni kama ana njia hiyo. Aandike pia kwa ufupi mswada ulitoka kwa nani, ulipitia kwa nani, na ulikuwa ukisomwa wakati gani.

Na kubwa zaidi, kama kuna mzee au bibi anayeweza kuusoma au anayeukumbuka kwa moyo, arekodiwe sauti yake kwa ridhaa yake, sasa. Sauti hiyo itakata shauri pale ambapo herufi zimeshindwa kutofautisha bata na mbata.

Madrasa na shule zina nafasi yao. Mwanafunzi wa madrasa anazijua herufi. Wa shule anazijua kanuni za ushairi na tarakilishi. Mara nyingi ni mtoto mmoja huyo huyo, asubuhi shuleni na jioni madrasa. Akikalishwa na mzee wake mbele ya picha ya ukurasa mmoja, kwa saa moja ya Jumamosi, ubeti mmoja unaweza kusomwa, kuhesabiwa mizani na kuandikwa pamoja na shaka zake. Utenzi wa beti 100 ungekwisha kwa kikundi kidogo ndani ya mihula michache.

Kwa nini jambo hili ni la wananchi

Majina ya sehemu hizi yamo katika historia ya lugha yenyewe. Wachangamwe, Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa, na Wajomvu wamo katika Tisa Taifa; kwa pamoja ni Miji Thenashara ya Waswahili wa Mombasa. Kisauni ilikaribisha Frere Town, ambako watu waliotoka mbali walijifunza lugha ya pwani na kuifanya yao. Hadi leo Likoni na Changamwe zinaishi Wamijikenda, Wakamba, Waluo, Wataita na wengine waliokuja kwa kazi za bandari na reli, na watoto wao wanafanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili. Tenzi hizi ni zao pia, kwa sababu ni za lugha wanayoisema.

Kwa miaka mingi mwandishi wa shairi alikuwa Mombasa, na anayeamua maana ya shairi alikuwa London au Johannesburg. Wahariri wale walifanya kazi kubwa, na bila wao mengi yangepotea. Lakini walifanya kazi mbali na wasikilizaji, na hapakuwa na njia ya msikilizaji kuwaambia: neno hili silo. Sasa njia ipo. Mzee wa Mtongwe anaweza kuutazama ukurasa ulio London kwa simu ya mjukuu wake, akasema silo, akatoa sababu, na sababu hiyo ikaandikwa pamoja na jina lake, ikabaki.